Uzoefu wangu na seti ya roketi ya mfano: kuunganisha siku mbili, kupaka rangi wiki tatu

Niliinunua seti hii ya roketi ya mfano nikiamini maneno yaliyoandikwa juu ya boksi lake, kwamba ni ya mtu anayeanza na kwamba inaweza kumalizika mwishoni mwa juma. Kwa upande wa kuunganisha vipande, maneno hayo ni ya kweli. Kwa upande wa kuikamilisha hadi ifanane na ile roketi inayong'aa kwenye picha, hayana ukweli hata kidogo, na ndiyo sababu nimeamua kuandika kwa kirefu, kwa kuwa tathmini nyingi nilizosoma kabla ya kununua zilisifu jinsi inavyoruka na kuiruka kabisa kazi ya katikati.

Ndani ya boksi nilikuta bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha takriban milimita 25, pua ya plastiki, ubao mwembamba wa balsa uliokatwa tayari alama za mapezi matatu, kasha la injini pamoja na pete zake mbili za karatasi ngumu, ndoano ya chuma ya kuizuia injini isichomoke, kamba ya mpira, parachuti ya plastiki, kijibomba chembamba cha kupitishia fito ya kurushia, na karatasi ya stika. Jukwaa la kurushia, swichi yake ya umeme na injini zenyewe hazimo, ingawa jukwaa limechorwa kwenye picha ya mbele kana kwamba limo. Maelezo yanayokiri hivyo yameandikwa chini ya boksi kwa herufi ndogo sana, na ninalihesabu hilo kuwa dosari ya mtengenezaji, wala si uzembe wa mnunuzi.

Dosari ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Pezi moja kati ya yale matatu lilikuwa na ufa uliokwenda kutoka ukingo mmoja hadi karibu na wa pili, na ufa huo ulikuwapo kabla sijaligusa. Nilimwandikia mtengenezaji nikaambatanisha picha, nikaahidiwa ubao mwingine, nikasubiri siku kumi bila kuona kitu. Hatimaye nilichukua pezi zima, nikalilaza juu ya kipande cha balsa kilichobaki pembeni mwa ubao, nikachora umbo lake kwa penseli na kulikata kwa wembe mpya. Kipande hicho kilikuwa kidogo, na njia pekee ya kulienea umbo lote ilikuwa ni kuligeuza. Kwa kufanya hivyo nyuzi za mbao, ambazo katika pezi hupaswa kwenda sambamba na ukingo wa mbele ili ziende kutoka kwenye bomba kuelekea nje, zikawa zimelala sambamba na bomba. Nililiona jambo hilo waziwazi nikalipuuza, kwa kujiambia kwamba gundi na rangi vingelitia nguvu.

Kasha la injini ndilo lililonifundisha tabia ya gundi. Maelekezo yanasema upake duara la gundi ya mbao ndani ya bomba kisha ulisukume kasha hadi lifike kwenye alama. Hayasemi kwamba ni lazima ulisukume mara moja bila kusita. Mimi nilisita katikati ili nihakikishe ndoano imeelekea upande sahihi, na katika sekunde hizo chache karatasi ya bomba ilikuwa imekwisha kuufyonza unyevu wa gundi, pete zikavimba kidogo, na kasha likang'ang'ania sentimita mbili kabla ya mahali pake. Nililizungusha na kulisukuma kwa kitako cha brashi hadi mikono ikauma. Likasogea, lakini hadi leo limechomoza milimita tatu kuliko inavyotakiwa. Halikuathiri kuruka kwa roketi, ila kila ninapoitazama kwa nyuma ninaliona.

Mapezi nayo yalikwenda vizuri kwa sababu niliyachukulia polepole. Kwanza nililaza bomba kwenye kona ya ndani ya droo ili nipate mistari mitatu iliyonyooka, kisha nikapaka gundi kidogo kwenye shina la kila pezi na kwenye mstari wake, nikaiacha ikauke, ndipo nikapaka tone jembamba la pili na kulishikiza pezi kwa vidole kwa dakika moja hivi. Gundi juu ya gundi iliyokauka hushika haraka na kwa nguvu kuliko gundi juu ya karatasi tupu. Baadaye nilijaza gundi kwenye kona ambapo pezi hukutana na bomba na kuilainisha kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa, ili kona hiyo iwe na mteremko badala ya pembe kali. Kazi yote hiyo, pamoja na kubandika ile karatasi ya kukunja mara tatu inayoishika kamba ya mpira ndani ya bomba, ilikwisha siku ya pili jioni.

Basi hapo nikadhani nimefika. Roketi ilisimama juu ya meza ikiwa imenyooka, nyepesi, gramu 36 bila injini, na maelekezo yalikuwa yamebakiza mistari miwili tu: piga msasa, paka rangi. Mistari hiyo miwili ilinichukua wiki tatu.

Tatizo ni kwamba vitu viwili katika roketi hii havipokei rangi kwa hiari. Balsa ni mbao yenye vinyweleo vikubwa, na ukiipaka rangi moja kwa moja hufyonza na kuacha mifereji midogo inayoonekana zaidi kadiri rangi inavyong'aa. Bomba la karatasi nalo limeviringwa kwa utepe, kwa hiyo lina mshono unaolizunguka kama uzi wa parafujo kutoka chini hadi juu. Katika picha ya boksi mshono huo haupo. Niliuondoa kwa kuchukua puti ya mbao inayochanganyika na maji, nikaipunguza hadi ikawa nyepesi kama rangi ya ukutani, nikaipaka kwa brashi ndogo juu ya mshono na juu ya mapezi yote, kisha nikaiacha ikauke usiku kucha. Kesho yake nilipiga msasa namba 220 na kumalizia na namba 400, nikaikagua kwa kuishika ubavuni mwa taa, nikagundua kwamba ni nusu tu ya mifereji iliyojaa, nikarudia. Nilirudia mara tatu. Kipimo nilichojiwekea ni cha kufumba macho: nilipitisha ukucha juu ya pezi, na nilipoacha kuhisi mikwaruzo ndipo nikajua mbao imeziba. Vumbi la puti ni jepesi mno na huingia kila mahali, kwa hiyo barakoa si anasa katika hatua hii.

Baada ya praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, ambayo nilipuliza mara mbili na kuipiga msasa katikati, nilipuliza rangi nyeupe kwa tabaka jembamba kutoka umbali wa sentimita 30 hivi, na tabaka la kwanza likatoka safi kuliko nilivyotarajia. Mkebe wa rangi ulieleza kwamba tabaka linalofuata lipulizwe ndani ya saa moja au baada ya saa 48. Nilirudi baada ya saa nne. Niliona imekauka, nikaigusa chini kwenye kasha la injini, haikunata, nikapuliza. Haikuchukua dakika mbili rangi ikaanza kujikunja mbele ya macho yangu, kwanza kwenye pezi moja, kisha pembeni mwa bomba, ikawa na makunyanzi kama ngozi ya kidole kilichokaa majini muda mrefu. Sababu yake ni kwamba rangi ya chini ilikuwa imekauka juu tu, na kimiminika cha tabaka jipya kikapenya na kuivimbisha. Hakuna namna ya kulifuta kosa hilo. Nilisubiri siku tatu, nikapiga msasa hadi kwenye praima, nikaanza upya, na safari hiyo nilifuata saa za mkebe kama dawa ya hospitali.

Rangi ya pili, nyekundu, huwekwa kwenye pua na kwenye pezi moja, na hapo hutumika tepu ya karatasi. Jambo ambalo lilinisaidia sana ni kupuliza kwanza tabaka hafifu la rangi ileile nyeupe juu ya ukingo wa tepu kabla ya nyekundu, kwa kuwa kama kuna upenyo wowote chini ya tepu, hujazwa na nyeupe isiyoonekana. Mstari ulitoka mkali kabisa. Stika za seti hii ni za kuloweka majini, na ninakiri kwamba ni nzuri: nusu dakika kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha unaitelezesha kutoka kwenye karatasi yake hadi kwenye bomba, ukiwa na muda wa kutosha kuisogeza kabla haijashika. Moja ilipasuka kwenye mkunjo kwa sababu karatasi ya stika ilikuwa imekunjwa ndani ya boksi ili ienee, uamuzi ambao siuelewi.

Jambo ambalo maelekezo hayaligusi kabisa ni kwamba rangi ni kitu chenye unene na uzito. Roketi iliyokuwa gramu 36 ilifika gramu 45, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa nyuma, kwenye mapezi, nilikorundika puti. Ili roketi iende ikiwa imenyooka, kitovu chake cha uzito lazima kiwe mbele ya mahali ambapo nguvu zote za hewa hujumuika, na kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba umbali kati ya sehemu hizo mbili usipungue kipenyo kimoja cha bomba. Kwa kuwa maelekezo hayakutaja mahali pa pili, niliijaribu kwa kamba: niliipakia injini na parachuti, nikaifunga kamba pale ilipolala sawa, nikaizungusha kwa duara pana kuzunguka kichwa changu. Iligeuza pua mbele na kubaki hivyo, nikatulia.

Unene nao una hila zake. Pua iliyokuwa ikiingia kwa ulaini sasa ilikwama, kwani rangi ilikuwa imeingia ndani ya mdomo wa bomba, na kile kijibomba cha fito kilikuwa kimeziba nusu. Haya si mambo ya urembo. Pua isiyotoka kwa urahisi humaanisha parachuti isiyofunguka, na roketi inayorudi chini kama mshale ni hatari kwa kila aliyesimama karibu. Nilipiga msasa shingo ya pua hadi ikawa ninaweza kuinyanyua roketi nzima kwa kuishika puani bila kuanguka, lakini nikiitikisa kidogo tu inachomoka. Kijibomba nilikizibua kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti cha meno.

Kuhusu kurusha nitakuwa mfupi. Injini hizi hutoka kiwandani zikiwa zimejazwa baruti, hutumika mara moja tu, na herufi zake zina maana kamili: nilianza na B6-4, ambapo B ni kundi la nguvu lisilozidi nyutoni-sekunde 5, 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na 4 ni sekunde za kusubiri kabla ya mlipuko mdogo unaoisukuma nje parachuti. Mwaka 1954 ndugu wawili wa Marekani, Orville na Robert Carlisle, waliunda roketi ya aina hii pamoja na injini yake ya kutumika mara moja, na tangu utengenezaji wa injini ulipohamia viwandani mwanzilishi hana sababu yoyote ya kuchanganya baruti kwa mikono yake. Kagua sheria za mahali ulipo kabla ya kununua injini. Niliweka karatasi zisizoshika moto juu ya injini, nikapaka parachuti poda ili isigande, nikasimama mita zaidi ya tano nikiwa na swichi. Mara ya kwanza kiwashio hakikuwaka. Nilichomoa ufunguo wa usalama, nikasubiri sekunde 60, nikabadilisha kiwashio, nikahesabu tena.

Iliondoka kabla macho yangu hayajajiandaa. Nilisikia mfoko mmoja mkali, nikaona moshi mweupe ulionyooka, kisha kimya, halafu juu kabisa kitone cha rangi nyekundu kikakunjuka. Pua ilitoka, parachuti ikafunguka, na roketi ikashuka ikining'inia kwa upole, mapezi yakitangulia. Ilitua kwenye udongo mgumu umbali wa hatua zipatazo themanini.

Kwa seti yenyewe, ningeipa alama nne kati ya tano kwa ubunifu wa vipande na alama mbili kwa maelekezo, na ningemshauri anayeinunua anunue pia puti, praima na misasa ya namba mbalimbali siku hiyohiyo, kwa kuwa bila hivyo atapata roketi inayoruka vizuri na kuonekana kama bomba la karatasi lililopakwa rangi. Niliponyanyua yangu kutoka kwenye udongo, mapezi mawili ya mtengenezaji hayakuwa na hata mkwaruzo. Lile la tatu, nililolikata mimi, lilikuwa limekatika moja kwa moja kando ya ule mteremko wa gundi, sambamba na bomba, kufuata nyuzi za mbao kama karatasi iliyokunjwa kisha ikachanwa. Gundi haikuachia, na rangi ya juu bado ilikuwa inang'aa. Ubao mpya wa balsa uliwasili siku nne baadaye.