Kushonwa kano ya bega kwa tundu dogo: uzoefu wangu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Dar es Salaam. Kano ya juu ya bega la kulia, ile ambayo huchanika mara nyingi kuliko zile nyingine tatu zinazolishika bega, ilichanika hadi kuandika ubaoni kukanishinda na usiku nikawa siwezi kulalia ubavu huo. Sasa ni zaidi ya mwaka tangu nishonwe kwa tundu dogo, yaani kwa kamera na vifaa vyembamba vinavyopitishwa kwenye matundu madogo ya ngozi, na nasema bila kusita: imenifaa sana.

Ila jamani, makovu yale yasiwadanganye. Vidonda ni vidogo na hukauka upesi, kwa hiyo kila aliyekuja kunipa pole alidhani nimeshapona. Kumbe ndani kano imefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi na vinanga vidogo vinavyokazwa ndani ya mfupa, na kwa kuwa hupata damu kidogo, hushika taratibu mno. Ndiyo maana mkono huning'inizwa kifuani wiki 4 hadi 6, na mazoezi ya kuongeza nguvu husubiri hadi karibu wiki ya 12. Mdogo wangu alinivalisha, akanisuka, akanipikia. Kama huna wa kukusaidia nyumbani, mtafute kabla ya kulazwa.

Ganzi ya shingoni, ile sindano inayofisha bega na mkono, ikiisha, maumivu ni makali. Meza dawa ulizoandikiwa kabla hayajapanda. Nililala nimeegemea mito, nusu nimekaa, kwa majuma mengi. Hospitali haikunieleza hilo, na ilinisikitisha. Aliyenieleza ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kwangu yeye ndiye aliyelikomboa bega: mwanzoni aliuinua mkono yeye mwenyewe nami nikiwa nimeulegeza, baadaye nikapandisha vidole ukutani polepole. Ulizeni gharama za mazoezi haya mapema, maana huenda miezi.

Kama hospitali ya karibu haina vifaa vya tundu dogo, msikate tamaa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulilinganisha njia hii na upasuaji wa wazi, na baada ya miaka 2 wagonjwa hawakutofautiana. Kinachoamua zaidi ni ukubwa wa mchaniko na umri wako, na sigara nayo huchelewesha kupona. Wapo ambao kano huachia tena, na hata hao wengi hubaki na maumivu machache kuliko mwanzo.

Leo naandika ubao wote, juu hadi chini, na usiku nalala. Kujitwisha ndoo ya maji bado daktari hajaniruhusu.