Ndege na usafiri wa bandarini kwa safari ya meli: ujikatie au uiachie kampuni?

Ukinunua safari ya meli ya kitalii, kabla hujamaliza kulipa utaulizwa kama unataka kampuni ikukatie na ndege, pamoja na basi la kukutoa uwanja wa ndege hadi gatini. Princess wanaiita huduma hiyo EZair, Holland America wanaiita Flight Ease, Royal Caribbean Air2Sea. Hapa tunaipima na kujikatia kila kitu mwenyewe. Msimamo wetu tunautoa mapema: ndege jikatie, basi amua bandari kwa bandari, na kama huwezi kufika mji wa bandari siku moja kabla ya meli kung'oa nanga, usijikatie kabisa. Chukua ndege ya kampuni.

Hiyo siku moja ndiyo yenye uamuzi wote. Meli inayoondoka saa 10 jioni haipokei abiria hadi saa 10. Mlango hufungwa saa moja hadi saa moja na nusu kabla, kwa sababu orodha ya abiria ni lazima iwe imeshafika kwa mamlaka. Kule Marekani, kwa mfano, inatakiwa iwe imewafikia dakika 60 kabla ya meli kuondoka. Kwa hiyo mwisho wako ni saa 8:30 mchana. Sasa hesabu: ndege inatua saa 5 asubuhi, uhamiaji na kusubiri mabegi dakika 90, barabara saa moja na nusu. Unafika gatini saa 8 kamili. Umebakiwa na nusu saa, na hapo hakuna kilichoharibika: hakuna mvua, hakuna foleni, hakuna begi lililobaki njiani. Ukiwa na ndege ya kuunganisha, nusu saa hiyo huliwa kabla hata hujapaa mara ya pili.

Wengi hununua ndege ya kampuni wakiamini kwamba wakichelewa, meli itawasubiri. Haitasubiri. Meli ina nafasi yake ya kutia nanga bandari inayofuata, na haiwezi kuipoteza kwa ajili ya abiria wawili. Kinachouzwa ni kitu kingine, nacho kina thamani: kampuni inachukua jukumu la kukutafutia njia ya kuifuata meli bandari ya mbele, na kuna watu wa zamu wanaoliona tatizo lako kabla hujapiga simu. Kwa wanaonunua Ulaya kuna na kinga ya sheria: ndege na meli zikiuzwa pamoja na muuzaji mmoja, huo ni mfuko mmoja wa safari chini ya agizo la Umoja wa Ulaya namba 2015/2302, na muuzaji anawajibika kwa safari nzima. Ukijikatia, shirika la ndege linawajibika kukufikisha uwanja wa ndege ulioandikwa kwenye tiketi, basi. Fidia ya Ulaya ya euro 250 hadi 600 kwa ndege iliyochelewa sana hairudishi nauli ya meli iliyokuacha.

Na kuifuata meli si jambo la kupanda tu ndege nyingine. Marekani ina sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli za kigeni kubeba abiria kutoka bandari moja ya nchi hiyo na kumshusha nyingine, isipokuwa zimepita bandari ya kigeni iliyo mbali. Mtu aliyeachwa Seattle akaruka hadi Ketchikan, Alaska, ili apande huko, kisha ashuke Seattle mwisho wa safari, anaivunja sheria hiyo hata kama meli ilitia nanga Victoria, Kanada, maana Victoria inahesabiwa kuwa karibu. Kampuni itakataa kumpandisha. Safari za Alaska ndizo zenye mtego huu zaidi, na ndizo ambazo hatumshauri mtu yeyote afike asubuhi ya siku ya meli.

Usiku mmoja wa hoteli mjini kwenye bandari unaondoa karibu hatari zote hizi. Ukiulipia, faida za kujikatia zinabaki wazi: unachagua shirika, unachagua kiti siku ile ile, na hujikuti na safari yenye vituo viwili kwa sababu tu hiyo ndiyo nauli ambayo kampuni ilipatana na shirika. Ndege ya kampuni mara nyingi hutolewa tiketi karibu na safari, na ukitaka kufika siku moja kabla unaweza kulipishwa nyongeza. Pale inapokuwa nafuu kweli ni kwenye safari zinazoanzia mji mmoja na kuishia mwingine. Kabla hujakubali, hata hivyo, tafuta mwenyewe kwa kuchagua "miji tofauti" kwenye tovuti ya shirika, yaani uende Barcelona urudi kutoka Roma kwenye tiketi moja. Wanaokata tiketi mbili za kwenda tu hulipa zaidi bila sababu, halafu wanasema ndege ya kampuni ni rahisi.

Ukiamua kujikatia, anza na meli, usianze na ndege. Hakikisha kwanza gati na saa za kuondoka na kurudi, ndipo ukate tiketi. Jina la bandari kwenye tangazo halitoshi. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli kubwa zimezuiwa kupita mbele ya uwanja wa San Marco, na safari nyingi zinazotangazwa kuwa za Venice sasa huanzia Marghera, Trieste au Ravenna. Ravenna iko mwendo wa kilomita 150 hivi kutoka Venice. Aliyeweka hoteli karibu na mfereji akidhani meli iko jirani, asubuhi yake anaanza na safari ya saa mbili.

Kisha tiketi yenyewe. Safari yote, kwenda na kuunganisha, iwe kwenye namba moja ya kubuku. Ukiunganisha tiketi mbili za mashirika yasiyohusiana, ndege ya kwanza ikichelewa, la pili linakuhesabu mtu ambaye hakutokea. Begi nalo utalichukua na kulisajili upya. Ukikosa mguu wa kwanza wa tiketi, yaani ndege ya kwanza, mashirika mengi hufuta miguu yote iliyobaki, pamoja na ya kurudi, kwa hiyo usithubutu kuacha kipande cha mwanzo bila kuwaarifu. Ukipitia Marekani, kwa kawaida unapita uhamiaji na kuchukua begi lako kwenye uwanja wa kwanza unaotua, hata kama unaendelea mbele. Tenga saa 3 kati ya ndege mbili.

Angalia alama ndogo ya +1 kando ya saa ya kufika. Ndege za usiku zinazovuka Atlantiki kwenda Ulaya hufika kesho yake, na aliyekata kwa tarehe ya kuondoka pekee huamka hewani siku ya meli akidhani ana siku ya akiba. Tiketi pia husema 06:00 ikimaanisha saa 12 asubuhi, na jicho lililozoea saa zetu huisoma saa 6 bila kujishuku. Andika saa zote mbili kwenye karatasi moja: ya tiketi na ya kwetu.

Jina kwenye tiketi ya ndege, kwenye usajili wa meli na kwenye pasipoti liwe lile lile, kwa herufi zile zile. Wenye majina matatu ndio wanaoumia hapa: jina la kati likiachwa kwa meli na kuwekwa kwa ndege, unaweza kusimamishwa kaunta.

Viza ihesabu kwa ramani ya meli, si ya ndege. Meli inayotoka Athens, ikatia nanga Kusadasi nchini Uturuki na kurudi Athens, imetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja inakuwa imekwisha mlangoni, na mara nyingi kampuni haitakupandisha tangu mwanzo. Omba ya kuingia mara nyingi, na uambatishe ratiba ya meli kwenye maombi.

Sasa basi. Hapa hatuna jibu moja, kwa sababu umbali kati ya uwanja wa ndege na gati hutofautiana mno.

Fort Lauderdale ni rahisi kuliko zote: uwanja wa ndege na bandari yake, Port Everglades, ni majirani, teksi inatumia dakika kumi na kitu. Kulipia basi la kampuni hapo ni kupoteza pesa. Miami nako ni karibu, kilomita 13 hivi. Angalia tu usichanganye miji hiyo miwili. Kati ya bandari zake kuna zaidi ya kilomita 40. Port Canaveral ni hadithi tofauti, ipo kilomita 70 na ushee kutoka uwanja wa Orlando, na mtu mmoja au wawili hupata nafuu kwenye basi la pamoja kuliko teksi.

Piraeus, bandari ya Athens, imekuwa nyepesi tangu 2022, treni ya chini ya ardhi ya mstari wa 3 ilipofikishwa bandarini moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Athens. Basi la X96 nalo lipo usiku na mchana. Lakini bandari yenyewe ni ndefu, na magati ya meli za kitalii hayako mlangoni pa kituo cha treni. Mwenye masanduku mawili makubwa achukue teksi kwa kipande hicho cha mwisho.

Civitavecchia ndiyo inayowachanganya watu wengi, kwa sababu tangazo husema "Roma". Kutoka Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, ni kama kilomita 70. Kwa treni, panda ya FL1 hadi Roma Trastevere, badilisha kwa treni ya kwenda Civitavecchia, shuka Civitavecchia, chukua basi hadi Largo della Pace, kituo cha mabasi cha bandari, na hapo kuna mabasi ya bure ya bandari yanayokufikisha melini. Ni vipande vinne, na nauli yake ni ndogo sana ukilinganisha na basi la kampuni. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igongwe muhuri kwenye mashine ya kituoni kabla hujapanda, la sivyo utapigwa faini ndani. Ubaya wake ni ngazi za Trastevere ukiwa na mizigo, na migomo ya reli, ambayo hutangazwa mapema. Itafute siku mbili kabla. Watu wanne wakichanga gari la kukodi kwa bei ya kupatana, hilo tunalipendelea.

Southampton, Uingereza, iko saa moja na zaidi kwa barabara kutoka Heathrow, uwanja wa ndege wa London, na mabasi ya National Express huenda huko bila kuingia London. Kosa la hapa ni gati. Bandari ina vituo vitano vya abiria. Ocean na Queen Elizabeth II vinaingiliwa lango la Dock Gate 4, Mayflower lango la Dock Gate 10, na ni mbali kwa miguu. Mwambie dereva jina la kituo, si jina la meli.

Bandari moja tunayosema bila kusita ununue basi au treni ya kampuni ni Whittier, Alaska. Njia pekee ya gari kuingia ni handaki la kilomita 4 lenye njia moja, magari na treni wakipokezana, na upande hubadilishwa kwa ratiba. Ukikosa zamu yako unasubiri nyingine. Mabasi ya kampuni yanapangwa kwa ratiba hiyo, na ndege ya kurudi kutoka Anchorage inapangwa juu yake.

Kuhusu bei, kanuni ni fupi: basi la kampuni hulipiwa kwa kichwa, teksi kwa gari. Mtu mmoja, basi. Wawili, linganisha. Watatu na kuendelea, gari karibu kila mara. Ukinunua basi la kampuni ilhali ndege umejikatia, watumie namba ya ndege na saa ya kutua, kwa sababu mengi hutoka kwa muda maalumu na siku ya meli tu. Aliyefika jana yake hana nafasi.

Bima ya safari ichukuliwe mara tu unapolipa malipo ya kwanza. Soma kifungu cha kukosa kuunganisha: nyingi hulipa pale tu ndege inapochelewa saa 3 au zaidi.

Ndege ya kurudi ndiyo inayokatwa kwa haraka na kujutiwa baadaye. Meli kufika gatini saa 12 asubuhi haina maana kwamba unashuka saa 12. Forodha lazima wairuhusu kwanza, kisha abiria hushuka kwa makundi, na wa mwisho hutoka karibu saa 4. Usikate ndege ya kabla ya saa 6 mchana kutoka Fort Lauderdale au Miami, saa 7 kutoka Orlando, saa 8 kutoka Fiumicino, saa 9 kutoka Heathrow. Hizi ni saa za ndege kuondoka. Kama ndege pekee ni ya mapema, jiandikishe kundi la wanaobeba mizigo yao wenyewe. Wao hushuka wa kwanza. Wengine huweka masanduku nje ya mlango usiku wa kuamkia kushuka, yakiwa na lebo za rangi, na huyakuta ukumbini gatini kwa rangi hizo hizo. Kabla hujalitoa sanduku nje, hakikisha pasipoti, dawa na nguo za kesho zimebaki chumbani, kwa sababu hutaliona tena hadi utakapokuwa nchi kavu.