Simu za ofisi juu ya mtandao wa chuo: uzoefu wangu na Asterisk

Nafanya kazi ya mitandao katika chuo kimoja hapa Tanzania. Tulizihamisha simu zote za ofisi kutoka kwenye nyaya za shaba, zikaingia kwenye mtandao uleule unaobeba intaneti ya wanafunzi. Nimeridhika sana, na chuo kinachofikiria jambo hili nakishauri kifanye. Ila kikague swichi zake, yaani vile visanduku vinavyounganisha nyaya za mtandao, kabla ya kununua simu hata moja.

Programu inayoziunganisha simu hizo ni Asterisk, aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999. Haina ada ya leseni na inakaa kwenye seva ya kawaida ya Linux. Juu yake tumeweka FreePBX, kurasa za wavuti za kuiendeshea, hivyo aliye zamu anaongeza namba mpya kwa kivinjari tu. Ofisi ikipiga zahanati au getini, simu haitoki nje ya chuo, kwa hiyo hakuna anayehesabiwa dakika. Mhadhiri akihama jengo, anabeba simu yake, anaichomeka huko aendako, na namba inabaki ileile. Hilo peke yake limewafurahisha watu kuliko nilivyotarajia.

Shida ilikuwa jioni, wanafunzi wakianza kupakua video. Sauti zilikatikakatika, na wengi walidai tununue intaneti zaidi. Nilipinga, na bado napinga. Simu moja inayotumia kodeki ya G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data) hula takribani kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Simu 100 zikizungumza kwa pamoja hazifiki megabiti 9! Kinachoua sauti ni foleni ndani ya swichi. Kila simu hutuma paketi, yaani vipande vidogo vya data, 50 kwa sekunde, moja kila milisekunde 20. Barua pepe ikichelewa nusu sekunde, nani atajua? Paketi ya sauti ikichelewa hivyo haina kazi tena. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake la G.114, inataka sauti ifike ndani ya milisekunde 150 kwa upande mmoja.

Wengi hutenga VLAN ya sauti, yaani mtandao wa pembeni ndani ya swichi zilezile, wakadhani wamemaliza. VLAN inatenganisha tu, haimpi mtu kipaumbele. Daladala hata ukiipaka rangi yake, foleni ya Morogoro Road itaikuta palepale. Inayopita ni ile yenye njia yake, kama mwendokasi. Kwa hiyo paketi za sauti tunazipa alama ya DSCP 46, namba ndani ya paketi inayosema ina haraka, na kila swichi njiani inaziweka kwenye foleni ya kwanza. Kila swichi, narudia. Moja tu ya bei rahisi isiyojali alama, iliyofichwa kwenye korido, iliharibu simu za jengo zima. Na alama zinazotoka kwenye kompyuta za wanafunzi tunazifuta pale zinapoingia mtandaoni, la sivyo kila mtu atajipa kipaumbele.

Upungufu ninaoukubali ni umeme. Simu ya shaba ilipata umeme wake kupitia waya wake. Hizi zinaupata kwenye swichi kwa PoE, yaani umeme unaopita kwenye waya wa mtandao, na swichi ikizima, jengo zima linakuwa bubu. Tengeni bajeti ya UPS (betri ya akiba) kwa kila kabati la swichi; msiiache iwe ya kukatwa mwishoni. Zahanati na geti tumewaachia laini moja moja ya shaba, na sina mpango wa kuziondoa.