Mtoto umtie shule gani Malindi? Nilivyozipanga mimi

Kila Novemba swali ni lile lile: "Shangazi, mwanangu nimtie wapi?" Hapa nampangia mzazi wa Malindi, pwani ya Kenya, wa kipato cha kawaida, mwenye mtoto wa kuanza gredi ya 1.

Ya kwanza kwangu ni ya serikali iliyo karibu na nyumbani. Najua mtaguna. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2003 madarasa yamefurika, na mgao wa serikali wa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka haufiki mbali, ndiyo maana utaombwa za mtihani, za uji, za mlinzi. Lakini mwalimu wake amesomea kazi, amesajiliwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, na mshahara wake hautegemei kama wewe umelipa. Akigoma, hugoma na nchi nzima. Shule mbili zikitenganishwa na ukuta tu zaweza kuwa mbingu na ardhi, na tofauti yenyewe ni mwalimu mkuu. Muulize darasa la gredi ya 1 lina watoto wangapi. Akikujibu bila kusita, huyo anaijua shule yake.

Shida huanza gredi ya 7. Tangu 2023 sekondari msingi (gredi ya 7 hadi 9) imewekwa ndani ya shule za msingi, na nyingi kati ya hizo hazikujengwa na maabara. Mtoto anayependa sayansi mfikirie upya hapo.

Ya pili ni ya kibinafsi ya karo ya wastani. Darasa dogo, Kiingereza mapema, simu yako hupokelewa. Ila binti yangu nilimtoa katika moja: muhula mmoja alifunzwa hesabu na walimu watatu, kila mmoja akiondoka kwa mshahara bora. Uliza walimu wana muda gani hapo. Omba gharama ya mwaka mzima kwa maandishi, nauli ya basi la shule, chakula na sare zikiwemo, maana karo iliyo kwenye karatasi ya matangazo ni mlango tu. Na kutoka ni saa ngapi? Akifika nyumbani saa kumi na moja na nusu, chuo cha Qur'ani atasoma saa ngapi? Yenye madrasa ndani nitaiongezea alama.

Ya tatu, ya kimataifa. Si kwa ubaya: vitabu vipo, maabara ipo, mtoto husikizwa. Kama kazi yako inahamahama au umeshaweka fedha za chuo kikuu cha ng'ambo, kwako hii ndiyo ya kwanza. Kwa wengine hofu yangu ni kukatikiwa na karo njiani, ikabidi mtoto arudi kwenye mtaala wa Kenya. Anayesomea IGCSE, mtihani wa mtaala wa Uingereza, hana mitihani ya taifa, yaani KPSEA ya gredi ya 6 wala KJSEA ya gredi ya 9, na hiyo ndiyo humpangia mtoto sekondari pevu, ya gredi ya 10 hadi 12. Insha ya Kiswahili nayo itamtoa jasho. Tena neno "kimataifa" kwenye bango halitoshi. Uliza mtihani wa mwisho unatungwa na nani.

Yoyote utakayochagua, nenda Jumanne saa sita mchana bila miadi, Februari hivi, kaskazi ikiwa imetulia. Keti darasani chini ya mabati yasiyo na dari, uone kama wewe mwenyewe ungeweza kujumlisha. Kisha omba daftari la mtoto yeyote na utazame kalamu nyekundu ilipita mara ya mwisho lini.