Mafungo ya kimya ya siku nane: penye thamani na panapoharibika

Watu wengi huchagua nyumba ya mafungo, yaani mahali pa kujitenga kwa sala, kwa kutazama picha za bustani. Bustani haiharibu kitu, ila haitakusaidia siku ya nne utakapotaka kufunga begi uondoke. Ubora wa huduma hii uko kwa mwongozaji utakayeonana naye kila siku, na katika namna nyumba inavyolinda kimya, hasa mezani. Hapa tunapima zaidi mafungo ya siku nane ya kuongozwa mtu mmoja mmoja, kwa mtindo wa Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti.

Kwanza, ujue unachopewa. Mazoezi ya Kiroho, kitabu cha mwongozo wa sala ambacho Inyasi alianza kukiandika Manresa, Hispania, mwaka 1522, na Papa Paulo III akakiidhinisha mwaka 1548, yamepangwa kwa siku 30 hivi. Siku nane ni kipande tu. Nyumba inayotangaza kwamba utayamaliza yote kwa muda huo inakuuzia kisichokuwepo. Asiyeweza kuacha kazi na familia aliwekewa njia yake katika maelezo ya 19, moja ya maelezo yenye namba mwanzoni mwa kitabu hicho: anayafanya mazoezi yote akiwa kwake, saa moja na nusu kila siku, kwa miezi kadhaa. Njia hiyo haitajwi sana, na kwa wengi ndiyo inayofaa zaidi.

Siku ya mafungo kwa kawaida ina vipindi vitatu au vinne vya sala, kila kimoja saa nzima, pamoja na Misa na kikao cha nusu saa hivi na mwongozaji. Muda unaobaki ni wa kutembea na kulala. Andiko linachaguliwa mapema, ili usianze kupekua Biblia saa ikiwa imeshaanza. Ukifika mahali pako pa sala, simama hatua moja au mbili kabla yake kwa muda wa Baba Yetu moja, ukikumbuka kwamba Mungu anakutazama. Kisha piga magoti, kaa, au hata lala chali. Mkao unaokusaidia ndio wako, usihangaike kuubadilisha. Mstari ukikugusa, baki hapo hapo, hata kama andiko lina mistari kumi mingine. Mwishoni zungumza na Bwana kama rafiki na rafiki yake.

Baada ya hapo inakuja robo saa ambayo karibu kila mtu anairuka: kukaa au kutembea polepole ukijiuliza nini kilitokea, wapi palikuwa pakavu, wapi moyo ulisogea. Andika mistari mitatu, inatosha. Bila robo saa hiyo utafika kwenye kikao ukamsimulia mwongozaji habari za Zakayo, ambazo anazijua tangu seminari.

Sala ikiwa kavu, ushauri wa Inyasi ni kuongeza dakika chache juu ya saa, kwa sababu kishawishi cha wakati huo ni kukatiza. Ni ushauri mgumu, lakini ukishakatiza mara moja, kesho dakika 40 zitaonekana nyingi.

Mwongozaji mzuri huongea kidogo. Anauliza sala ilikwendaje, anasikiliza, anakupa andiko moja au mawili, anakuachia uende. Maelezo ya 15 yanamkataza kukusukuma kuelekea nadhiri au wito fulani, na ya 17 yanasema hana haja ya kuchimba mawazo yako ya siri wala dhambi zako; hizo zina kitubio. Akigeuza kikao kuwa mahubiri, omba kubadilishiwa siku ya pili, maana siku ya sita utakuwa umechelewa. Na kabla ya kujiandikisha, uliza anapokea watu wangapi kwa siku. Watu sita wa nusu saa kila mmoja tayari ni saa tatu za kusikiliza kwa makini. Wakizidi sana, wa mwisho anapewa sikio lililochoka.

Sasa mezani. Kimya hakivunjiki kanisani, kinavunjika pale chumvi inapokuwa mwisho wa meza. Mtu anainua macho, jirani haoni, anamgusa kiwiko, ananong'ona, wa tatu anacheka, na mlo unaofuata meza nzima inanong'ona. Nyumba yenye uzoefu huweka chumvi, maji na sukari kila baada ya viti vitatu au vinne, na husoma kitabu au kupiga muziki wa chini wakati wa kula. Mtakatifu Benedikto, baba wa watawa Wabenediktini, aliliona hili mapema: sura ya 38 ya Kanuni yake ya maisha ya kitawa inaweka msomaji mezani na kuagiza atakayehitaji kitu aombe kwa ishara.

Siku mbili za kwanza utalala sana. Lala. Katika 1 Wafalme 19, Eliya alikula, akalala, akaamshwa akala tena, ndipo akaenda Horebu kuisikia ile sauti ndogo. Nyumba inayokupa mada ndefu usiku wa kwanza haijamwelewa mtu aliyechoka. Siku ya tatu au ya nne huibuka uchovu wa kukaa bure, hasira za zamani na hamu ya kurudi nyumbani. Kanuni ya kushika hapo: wakati wa ukiwa, yaani moyo ukiwa mkavu na mzito, usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na amani. Na furaha ikifurika, usikimbilie kuweka nadhiri. Barua ya kuacha kazi isiandikwe kwenye mafungo.

Simu izimwe, na nyumbani waachiwe namba ya nyumba ya mafungo kwa dharura. Kisingizio cha "naitumia kuamkia" kinatibiwa na saa ndogo ya mezani. Biblia na daftari vinatosha, kwani kitabu kizuri kinakula saa ya sala bila wewe kujua. Viatu viwe vya soli laini. Korido usiku zinabeba sauti.

Aliyefiwa karibuni, mwenye sonona nzito au anayetumia dawa za akili amweleze mwongozaji kabla ya kuja, na aanze na siku mbili. Kimya huondoa shughuli zilizokuwa zikimshikilia.

Kama siku nane ni nyingi, mafungo ya wikiendi yenye mahubiri ni mlango wa kuingilia, ila yakiwa na mada nne kwa siku yanakuwa semina isiyo na maswali. Nyumba ya wageni ya Wabenediktini haikupi mwongozaji kila siku, lakini kengele na zaburi zinakubeba. Inamfaa anayejua kusali peke yake. Taizé, Ufaransa, jumuiya ya kiekumene, yaani ya Wakristo wa madhehebu mbalimbali, iliyoanzishwa na Brother Roger mwaka 1940, inapokea pia wanaotaka wiki ya kimya, na Mprotestanti atajisikia nyumbani.

Uliza pia kimya kinafunguliwa lini. Kinapaswa kufunguliwa jioni ya kuamkia kuondoka, au angalau kwenye mlo wa mwisho. Kikifunguliwa mlangoni, mabegi yakiwa mkononi, watu hupiga kelele hadi kituo cha basi na kufika nyumbani wana kichwa kinachouma.