Gari kwa Gari na Nyongeza: Tathmini ya Huduma ya Yadi za Nairobi

Karibu kila yadi kubwa ya magari Nairobi, iwe Ngong Road, Kiambu Road, Lang'ata Road au Mombasa Road, siku hizi hupokea gari lako la zamani kama sehemu ya malipo ya gari lingine. Unaleta la kwako, linakaguliwa, linawekewa bei, unaongeza pesa na kuondoka na jingine. Faida yake ni ya kweli: hushindi majuma ukijibu simu za watu wanaouliza bei ya mwisho kabla hata hawajaliona gari. Lakini starehe hiyo inalipiwa, na mara nyingi kiasi unacholipa hakiandikwi popote kwenye mkataba. Huduma yenyewe si mbaya. Inamuumiza anayeingia yadi akiwa hajapiga hesabu.

Hapa kuna biashara mbili zilizofungwa pamoja. Yadi inanunua gari lako, na wewe unanunua lake. Muuzaji hupenda mzizungumze kama biashara moja, kwa sababu anaweza kukufurahisha upande mmoja na kujirudishia upande wa pili. Chukua mfano wa hesabu tu. Una Vitz ambayo mtu wa kawaida angeinunua kwa KSh 780,000. Umeipenda Axio yadini, imeandikwa 1,950,000. Muuzaji anakwambia Vitz yako ataichukua kwa 800,000, uongeze 1,150,000. Inasikika vizuri, kwani amekupa zaidi ya bei ya soko. Lakini Axio hiyo hiyo, mtu akija na pesa taslimu, inatoka kwa 1,780,000. Ukiuza Vitz mwenyewe kwa 780,000 unahitaji kuongeza 1,000,000 pekee. Hizo 150,000 zilizobaki ndizo bei ya huduma, na hukuambiwa.

Kwa hiyo usitaje gari lako mpaka bei ya taslimu ya gari unalolitaka iwe imetamkwa na kuandikwa. Muuzaji atakuuliza, "Bosi, bajeti yako ni ngapi? Wewe sema tu, tutaelewana." Mjibu kwa heshima: "Nipe kwanza bei ya hili gari nikilipa zote leo." Swali la pili linalokuja mapema ni unaweza kulipa ngapi kwa mwezi. Hilo nalo liache. Malipo ya mwezi hushuka yakiongezwa miezi, na bei ya gari inabaki palepale au hata inapanda. Bei ikishaandikwa, leta gari lako, na kuanzia hapo pigania tarakimu moja tu: nyongeza.

Ni vizuri pia kujua yadi inavyolipigia gari lako hesabu. Inaanza na bei itakayoliuzia, si bei unayoiona kwenye matangazo. Inatoa matengenezo: tairi mbili, bampa lililokwaruzwa, taa iliyofifia, sevisi, kusafisha viti. Inatoa faida yake. Kisha inatoa gharama ya gari kukaa, kwa sababu pesa iliyolala kwenye gari ni pesa ambayo haijanunua gari lingine. Vitz ya 780,000 yenye kazi ya 45,000 na faida ya 80,000 inafika 655,000 kabla ya kuhesabu kukaa. Ukipewa 640,000 hujaibiwa, hiyo ni biashara ya kawaida. Ukipewa 800,000 na mtu atakayeiuza 780,000, jua amejifidia kwingine, nenda ukatazame bei ya gari lake upya.

Kabla ya kupeleka gari, pata makadirio matatu katika juma moja, mawili kutoka yadi nyingine na moja ya thamani rasmi. AA Kenya, chama cha wenye magari, hufanya tathmini hiyo, na ripoti yake ina uzito mezani kuliko picha za matangazo kwenye simu. Tengeneza vitu vya bei ndogo vinavyoonekana haraka, kama balbu, waipa, kifuniko cha gurudumu, harufu ndani. Usipake rangi gari zima wala kununua tairi nne mpya, pesa hiyo hairudi. Beba ufunguo wa pili na rekodi za sevisi. Ufunguo wa pili ukikosekana, gari lenye ufunguo wa kielektroniki hukatwa bei haki kabisa, maana kuuprogramu mpya ni gharama.

Sasa upande wa gari la yadi, ambako nafasi ya kupunguziwa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, ila haiko pale wanapoitafuta. Gari lililotumika linaloingia Kenya halifai kuzidi miaka minane. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa magari ya 2018 kuja mbele, na 2026 ni 2019. Kodi yake haikokotolewi kwa risiti ya mnunuzi. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, inakata uchakavu kulingana na umri, kisha inaweka ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Maana yake, magari mawili ya aina moja, mwaka mmoja na injini moja hulipiwa kodi ileile, hata kama moja lilinunuliwa Japani kwa bei ya kutupa kwa sababu liligongwa. Muagizaji anayetaka faida kubwa hana pa kuipata isipokuwa kwenye bei ya kununulia, na njia rahisi ya kununua kwa bei ya chini ni kununua gari la gredi mbaya.

Ndiyo maana karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari lilipouzwa huko, ina thamani kuliko maneno yote ya muuzaji. Gredi 4 na 4.5 ni gari zuri. 3.5 lina mikwaruzo na mibonyeo ya kuonekana. R au RA lilipata ajali na likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Gari la R si lazima liwe bovu, lakini halipaswi kuuzwa kwa bei ya 4.5, na hapo ndipo unapopunguziwa kwa hoja badala ya kubembeleza. Yadi ikisema karatasi imepotea, jadiliana kana kwamba gari ni R. Omba pia cheti cha Japani cha kuruhusu gari litoke nchini, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi, pamoja na cheti cha QISJ, kampuni inayokagua magari Japani kwa niaba ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Linganisha kilomita za karatasi hizo na za dashibodi. Dashibodi ikiwa chini, mazungumzo yameisha. Toka.

Nenda siku ya kazi asubuhi, na mwambie muuzaji mapema asiwashe gari. Injini baridi haifichi kelele ya mnyororo wa ndani ya injini wala moshi wa kwanza. Shika boneti kwa mkono. Ikiwa moto, mtu ameshaipasha. Fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna ute mzito upande wa ndani. Angalia vichwa vya bolti za fenda na bawaba za milango. Rangi ikiwa imechubuka, kipande kimewahi kufunguliwa. Soma tarakimu nne kwenye tairi, ambapo 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ya mkoba wa hewa lazima iwake kisha izime. Isiyowaka kabisa ina maana mbaya kuliko isiyozima.

Kipimo cha kompyuta kina mtego wake. Yadi inaweza kufuta hitilafu dakika chache kabla hujafika, na mashine ikasoma safi. Mwambie fundi wako asome pia kama majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe yamekamilika. Hitilafu zikifutwa, majaribio hayo huanza upya na huchukua kuendesha kwa muda kukamilika. Gari lenye kompyuta safi na majaribio yote hayajakamilika limefutwa juzi tu, au betri yake ilitolewa. Endesha tena, kisha pima upya. Kwa gari la gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, panda mlima taratibu ukisikiliza mtetemo na gari kusita. Pita pia kwenye matuta ya mtaani, si lami nyororo peke yake, maana shoki na bushi hazijifichi kwenye tuta. Kwa haibridi, taka ripoti ya hali ya betri kubwa, na ikikosekana, toa gharama yake kwenye bei.

Vitu vya bure anavyotaja muuzaji vipe bei moja moja. Redio ya Japani husoma masafa ya FM kuanzia 76 na huishia chini ya yale ya stesheni nyingi za Nairobi, kwa hiyo hazipatikani bila kifaa cha kubadilisha masafa. Kifaa hicho ni cha bei ndogo, kisikubaliwe kama mbadala wa punguzo la 50,000. Bamba la chini la kulinda injini, kuinua gari, alamu, kifaa cha kufuatilia, sevisi ya kwanza: uliza kila kimoja kingegharimu ngapi gereji, kisha uchague pesa au kitu. Mara nyingi pesa ni bora, kwa sababu tairi utakazonunua mwenyewe Kirinyaga Road unazichagua wewe.

Sehemu inayonipa wasiwasi zaidi katika huduma hii ni logibuku, yaani hati ya usajili, ya gari unaloliacha. Yadi nyingi hazipendi kulihamishia jina lao. Zinataka libaki kwa jina lako mpaka mnunuzi apatikane, kisha ulihamishe moja kwa moja kwake, ili waepuke ada ya uhamisho mmoja na gari lisionekane limepita mikono mingi. Kwao ni akiba ndogo, kwako ni hatari kubwa. Sheria ya Trafiki humchukua aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Gari hilo likimgonga mtu likiwa kwenye majaribio, likipigwa faini au likitumiwa kwa uhalifu, polisi watabisha kwako. Simamia uhamisho uanzishwe kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ukubaliwe na yadi siku ileile unayokabidhi ufunguo. Wakikataa kabisa, mkataba utaje tarehe na saa ya makabidhiano, kilomita, jina na kitambulisho cha aliyepokea, na kwamba kila dhima baada ya hapo ni yao. Hilo ni duni kuliko uhamisho, na kwangu yadi isiyohamisha hupoteza alama zake zote nzuri.

Kwa gari unalochukua, lipia NTSA utafutaji wa rekodi, KSh 550, uone jina, chasi na kama kuna kizuizi. Ongeza utafutaji kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyo pia eCitizen, kwa sababu mkopo unaweza kuwa umeandikwa huko. Yadi nyingi huuza magari ya watu binafsi kwa kamisheni, na hakuna ubaya, mradi mwenye logibuku atie sahihi mkataba. Kama gari limetoka bandarini na halijasajiliwa, taka lisajiliwe kwa jina lako moja kwa moja.

Gari lako likiwa na deni la benki, leta barua ya kiasi cha kumalizia chenye tarehe ya mwisho. Yadi ilipe benki yenyewe, na nyongeza ihesabiwe upya mbele yako. Arbuni isilipwe bila maandishi yanayosema itarudishwa lini na kwa sababu zipi. Lipa akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye mkataba. M-Pesa inapitisha KSh 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo anayekusukuma ugawanye malipo kwa namba za watu mbalimbali anakuonyesha sababu ya kuondoka. Mgogoro wa arbuni usiozidi 1,000,000 unapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, bila haja ya wakili.

Kwa ujumla, huduma hii naipa alama za juu kwa mwenye gari ambalo ni gumu kuliuza mwenyewe: lenye mkopo, lenye modeli isiyotafutwa, au la mtu anayehama nchi juma lijalo. Mwenye Probox, Fielder au Vitz safi anapoteza pesa bila sababu, maana hayo yanapata mnunuzi upesi, na ni heri aende yadini na taslimu. Wauzaji wa magari mapya nao hukupa bei ya chini kwa gari lako, lakini kwa kawaida karatasi zao zimenyooka, na kwa anayethamini usingizi tofauti hiyo inaweza kustahili.

Kabla ya kukabidhi ufunguo, pigia kampuni ya bima. Bima kamili iliyobaki kwenye gari la zamani inaweza kuhamishiwa jipya au kurudishiwa sehemu, ukiomba kwa maandishi na kurudisha cheti, na kiasi hicho kitoe kwenye hesabu yako, kisimezwe ndani ya nyongeza.