Iqaluit hadi Pangnirtung: kilomita sawa, dakika si kweli

Wauguzi wenzangu mnaopata zamu za kaskazini mwa Kanada, someni hii kabla hamjakata tiketi.

Machi niliitwa Pangnirtung, kijiji cha eneo la Nunavut, huko huko kaskazini. Nikaingia kwenye tovuti moja ya kukokotoa umbali, nikaandika Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut unakobadilishia ndege, na Pangnirtung. Ikanipa kilomita 298, dakika 22 angani. Nilifurahi mno. Mimi ni mtu wa Tanga; kwetu kwenda Dar kwa basi ni kilomita 350 hivi na siku inakatika. Basi nikamwahidi msimamizi wa kituo cha afya kwamba nikitua Iqaluit asubuhi kutoka Ottawa, jioni nitakuwa kazini kwake.

Kilomita hazina neno. Dakika ndizo zilizoniponza. Tovuti inapiga hesabu kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 kwa saa, wakati uwanja wa Pangnirtung ni mfupi, wa changarawe, umepita katikati ya makazi na milima imeukaba. Inayokwenda huko ni ATR 42, ndege ya mapangaboi, mwendo wake kama kilomita 500 kwa saa. Weka na muda wa kupaa na wa kushuka taratibu kati ya milima, hesabu saa nzima.

Halafu kuna upepo, na huo tovuti haikuugusa kabisa. Siku ya kwanza tulipaa vizuri, shehena mbele, abiria nyuma. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Kiinuit, wenyeji wa huko, kapakata trei mbili za mayai alizozifunga kwa skafu. Baada ya kama saa moja nikaziona nyumba kabisa, na bahari iliyoganda mbele yake. Ndege ikatikisika, ikainua pua, ikazunguka mara mbili. Rubani akatangaza kuwa upepo wa uwanjani umezidi kiwango, tunarudi. Saa mbili na ushei angani, tukashukia pale pale tulipopandia. Bibi alifungua skafu, akayakagua mayai moja moja, akaniambia, "Kesho. Au kesho kutwa."

Ikawa kesho kutwa.

Simlaumu rubani hata kidogo, namshukuru. Nunavut ina miji na vijiji 25 na hakuna barabara inayounganisha hata viwili. Meli za shehena hufika kiangazi tu, barafu ikishapungua. Kwa hiyo ndege hiyo ndiyo inayobeba wagonjwa, barua, maziwa na sisi. Wahudumu wa kaunta walinihamishia tiketi bila maneno, na kila tangazo walilitoa kwa Kiinuktitut pia, lugha ya Wainuit, ili wazee waelewe. Safari ya pili ilichukua dakika 58, nilizihesabu kwa saa yangu. Uwanjani hadi kituo cha afya ni mwendo wa miguu.

Ndege naipa nyota tano. Tovuti naipa mbili, kwa sababu ya kilomita. Waandike tu kwamba dakika zao ni za jeti, watu waache kuahidi wagonjwa kitu kisichowezekana. Nanyi mkienda, acheni siku mbili za akiba, wekeni hela ya kulala Iqaluit, na dawa zenu na soksi nzito ziwe kwenye begi la mkononi. Langu kubwa lilinifuata baada ya siku nne.